Bei ya Pedali Kuukuu Haipimi Sauti

Mwishoni mwa 1994 Bill Finnegan, mtu wa eneo la Boston nchini Marekani, alianza kuuza kisanduku cha chuma alichokiita Klon Centaur. Ni pedali ya gitaa: mpigaji huikanyaga kwa mguu, na mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye gitaa hupitia humo kabla ya kufika kwenye amplifaya, yakatoka yamenenepa na yana mkwaruzo kidogo. Zilitengenezwa takriban 8,000 tu, na kazi hiyo ilipomwelemea Finnegan, akaiacha. Wanunuzi wa mwanzo walilipa dola mia kadhaa. Leo moja huuzwa kwa maelfu ya dola, fedha ambazo Dar es Salaam au Nairobi mtu angepata gari dogo lililotumika. Wanaozilipa husema wananunua sauti isiyopatikana kwingine. Mimi nasema wananunua jina na uhaba, na kwamba ukusanyaji unaoongozwa na bei unaua kile kile unachodai kukienzi.

Tuanze na hiyo hiyo Centaur, maana ushahidi wake uko wazi. Finnegan aliifunika saketi yake kwa gundi nyeusi ngumu ili washindani wasione vipuri vilivyomo, na giza hilo likazaa hadithi: watu wakaamini kuna kitu cha ajabu ndani. Baadaye mafundi waliibandua gundi, wakachora saketi nzima, na michoro ikaenea duniani. Kilichoonekana ni kazi ya fundi mwenye akili kubwa, ila imefanywa kwa vipuri vya kawaida. Nakala zikafuata kwa makumi, nyingine kwa bei isiyofika sehemu ya ishirini ya ile ya asili. Finnegan mwenyewe alipotoa toleo dogo liitwalo KTR mwaka 2012, alichapisha juu yake maneno ya kuwakumbusha watu kwamba kelele zote zile hakuzianzisha yeye. Na mwaka 2024 alipoishtaki kampuni ya Behringer kwa kutoa pedali inayofanana na yake, shauri lilihusu jina, nembo na sura ya kisanduku. Sauti haikuwa mahakamani. Behringer waliishia kuibadilisha jina.

Mfano wa Japani unaonyesha jambo hilo hilo kwa upande mwingine. Pedali ya Ibanez Tube Screamer, ile ya TS808 iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, inasakwa kwa sababu ya chipu moja yenye maandishi JRC4558D. Chipu hiyo haikubuniwa kwa ajili ya gitaa. Ilikuwa kipuri cha jumla, rahisi, kilichowekwa katika vyombo vingi vya sauti vya wakati huo, na hata zile TS808 za asili hazikuwa na chipu ya aina moja zote. Kiwanda kilitumia iliyopatikana. TS9 iliyofuata mwaka 1982, ambayo wakusanyaji waliizoea kama ndugu wa hadhi ya chini, inatofautiana nayo hasa kwa rezista mbili za mwishoni mwa saketi. Rezista mbili! Fundi redio yeyote wa Kariakoo angezibadilisha kabla chai yake haijapoa, na tofauti ya bei ingekuwa imeyeyuka.

Waliobuni vifaa hivi hawakuwa na heshima yoyote kwa ukale. Mkwaruzo wa pedali ulizaliwa na ubovu: mwanzoni mwa miaka ya 1960 mjini Nashville, wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins, sehemu moja ya mtambo wa studio iliharibika na kulifanya besi la Grady Martin likoroge sauti. Mhandisi Glenn Snoddy hakuitupa sauti hiyo. Alitafuta namna ya kuitoa kwa makusudi, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaiingiza sokoni ikiwa ndani ya pedali ya Maestro Fuzz-Tone. Gibson waliinadi kwamba ingelifanya gitaa lisikike kama tarumbeta au selo. Haikununuliwa. Ilikaa madukani hadi 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipoitumia katika "Satisfaction", naye alikuwa anaweka tu alama ya mahali ambapo baadaye zingepulizwa tarumbeta. Ghafla mzigo wote ukaisha. Kifaa hakikubadilika hata msumari. Kilichobadilika ni kwamba kilimpata mpigaji.

Hapa wakusanyaji wana jibu zito, na haki inataka lisikilizwe. Wanasema pedali za miaka ya 1960, hasa Fuzz Face ya Arbiter iliyotoka London mwaka 1966 na kupendwa na Jimi Hendrix, zilitumia transista za jemaniamu, madini yaliyoachwa baadaye silikoni ilipotawala, na kwamba masikio yao hayawadanganyi. Ni kweli hayawadanganyi. Jemaniamu hukata mawimbi kwa ulaini zaidi, na mpigaji akipunguza sauti kwenye gitaa lake, mkwaruzo hujisafisha kwa namna ya kupendeza. Lakini ukweli huo huo unavunja hoja yao. Transista za jemaniamu zilitoka kiwandani zikiwa zimetofautiana mno kwa nguvu na kwa kuvujisha umeme, kiasi kwamba Fuzz Face mbili za wiki moja zingeweza kusikika kama vifaa viwili tofauti, moja tamu na nyingine ya kutupwa. Hendrix alikuwa na Roger Mayer, fundi aliyetoka kwenye utafiti wa sauti wa jeshi la majini la Uingereza, wa kumrekebishia vifaa vyake. Kwa hiyo anayenunua Fuzz Face kuukuu kwa sababu ni kuukuu ananunua tiketi ya bahati nasibu, huku fundi wa leo mwenye kipimo cha bei nafuu akiweza kuchagua transista mbili zilizolingana na kuipata ile tamu kwa makusudi. Tena kuna joto. Umeme unaovuja ndani ya jemaniamu huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Pedali iliyorekebishwa katika baridi ya London ikifika Mombasa mwezi wa pili, jukwaani, chini ya taa, inaweza kukoroma na kukatika kana kwamba betri imekwisha.

Jibu la pili ni la historia: bila wakusanyaji, vitu hivi vingeishia jalalani. Nalikubali kwa sehemu. Watafiti na watengenezaji wanahitaji nakala za asili za kupima, na baadhi ya matoleo mapya mazuri yametokana na vifaa vilivyotunzwa na watu binafsi. Lakini uhifadhi huhitaji nakala chache zilizofunguliwa, zikapimwa na kuchorwa, wala si kabati la mtu mmoja lenye thelathini zisizoguswa, ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzifungua kwa kuwa lehemu ya zamani ikiguswa bei hushuka. Isitoshe, kapasita za elektroliti hukauka na kuharibika hata kifaa kikiwa kimelala bila umeme, na betri iliyosahaulika ndani huvuja na kula nyaya. Kinachoitwa kuhifadhi mara nyingi ni kuoza polepole nyuma ya kioo. Tazama bendi za Zambia za miaka ya 1970, WITCH, Amanaz na wenzao wa muziki unaoitwa Zamrock, ambao baadhi yao walikuja kurekodi Nairobi. Mkwaruzo wao na sauti za pedali zao za wa-wa bado zinasikika leo kwa sababu pedali zile zilipigwa hadi zikachoka, na sauti ikabaki kwenye santuri.

Wapo pia wanaosema pedali ni akiba, kama kiwanja. Sina ugomvi nao, ila wawe wakweli: hiyo ni biashara, na mfanyabiashara hana haja ya kutuhubiria habari za sauti. Jibu ninaloliheshimu zaidi ni la mpigaji anayesema kwamba kifaa chenye historia kinamtia ari ya kupiga vizuri. Huenda ni kweli. Basi akipige. Ari hiyo haipatikani kwa kukiweka kwenye sefu.

Kwa kijana wa kwetu anayeanza gitaa na anayedhani mlango umefungwa kwa sababu ya bei, habari ni njema kuliko anavyosikia. Saketi ya Fuzz Face ina vipuri 11 tu: transista 2, rezista 4, kapasita 3 na vitufe 2 vya kuzungusha. Mchoro wake uko wazi, umechapishwa mara nyingi, nayo pedali hutumia betri ya volti 9. Kwa joto letu atumie transista za silikoni, kama walivyofanya Arbiter wenyewe miaka michache baadaye, aende na mchoro kwa fundi redio wa mtaani, na wakae wote wawili kubadilisha kipuri kimoja kimoja huku gitaa likipigwa. Akishindwa hilo, programu ya simu itamfaa kuanzia. Na kwa wale wachache wenye pedali za asili, wa hapa na wa ughaibuni, ombi langu ni moja: zitoeni betri zilizooza, mpelekeeni fundi azibadilishe kapasita zilizokauka, kisha mwazimeni mpigaji azitumie kwenye kurekodi. Mkitaka kununua nyingine, fumbeni macho dukani, sikilizeni ya dola 50 na ya dola 5,000 bila kuambiwa ipi ni ipi, ndipo mtoe pochi.