Motokaa Iliyokwisha Tumika

Ndugu wanachama, baadhi yetu hukopa fedha za kulipwa kwa miaka mitatu ili wanunue motokaa iliyokwisha tumika, kisha huitazama kwa nusu saa tu. Motokaa ikifa na mkopaji akishindwa kulipa, sisi wadhamini ndio tukatwao mishahara. Basi twaona ya kuwa mtu asitiliwe sahihi kabla fundi wake hajaikagua. Rangi mpya huficha kutu. Na atazame chini ya mazulia. Injini na iwashwe ingali baridi. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua. Nambari ya chasisi na ilingane na ya kadi. Mwenye kuuza akimkataa fundi, aachwe na motokaa yake. Ujira wa fundi ni wa siku moja. Deni ni la kila mwezi.