Kinyume cha Kosa ni Kukosoa



Umezuka mtindo miongoni mwa wakubwa: kila waharibupo jambo la umma, hujikinga kwa methali, "Kuteleza si kuanguka." Na athubutuye kuuliza ni nini kilichowatelezesha huitwa adui. Twasema wazi: methali hiyo ni ya wazee wetu, wala hawakutuachia iwe shuka la kufunikia uzembe.

Na tuiulize lugha yetu, isiyo na chama wala cheo. Kinyume cha kufunga ni kufungua. Cha kuziba ni kuzibua. Cha kukunja ni kukunjua. Kwa njia iyo hiyo, kukosa kumezaa kukosoa. Hakukuzaa kunyamaza, wala hakukuzaa kusifu. Basi mkosoaji si mleta kosa, bali ni mwondoa kosa. Na amzibaye mdomo amekwisha chagua kwamba kosa libaki.

Na kuanguka je? Mkwezi huangua nazi, nayo nazi huanguka. Kuangua ni kinyume cha kuangika. Basi wale walioangikwa juu kwa kamba ya upendeleo wasijidhanie kuwa wamesimama, kwani kilichoangikwa huanguliwa. Kinyume cha kweli cha kuanguka ni kusimama kwa miguu yako mwenyewe.

Visiwa vyetu vililipia somo hili kwa damu. Januari 1961 uchaguzi wa viti 22 ulikwama, pande mbili zikatoshana 11 kwa 11. Kikaongezwa kiti kimoja, na Juni 1961 watu wakarudi kupiga kura. Hesabu ilikosolewa, chuki haikukosolewa. Machafuko ya mwezi huo yaliua watu 68. Ndiyo hasara ya kusahihisha tarakimu na kuuacha moyo na kosa lake.

Wala sisi tusijitoe katika hukumu hii. Chama kisichostahimili kukosolewa na mwanachama wake hakina uso wa kuikosoa serikali. Katika kila tawi, ajaye na kosa mkononi na apewe kiti, asikizwe, kisha ajibiwe kwa hoja wala si kwa matusi.

Wazee walinena pia: kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hiyo ndiyo wakubwa wasiyoipenda. Basi tuikariri barazani, sokoni na bandarini, mpaka waizoee.