Bomba la chini ndilo lenye kazi

Ndugu mwandishi, katika makala yako ya kufunga bwawa la kuogelea kwa majira ya baridi umepita haraka mno kwenye bomba la sakafuni. Niko Minnesota. Mwaka wangu wa kwanza na bwawa nilitoa maji kwenye pampu na chujio, nikasahau mabomba yanayorudisha maji bwawani. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na plastiki iliyofukiwa haina pa kukimbilia. Theluji ilipoyeyuka nilichimba nusu ya ua nikitafuta ufa usiozidi urefu wa kidole. Niliumia sana.

Siku hizi nashusha maji hadi chini ya matundu ya kurudishia, kisha napuliza upepo kutoka kwenye pampu, tundu moja baada ya jingine. Kwanza hutoka maji, halafu povu, mwisho ukungu mwembamba. Jamani, usizibe kwenye povu! Subiri ukungu, kisha kaza kizibo cha mpira upepo ukiwa bado unavuma. Kompresa iwe na shinikizo dogo, maana likiwa kubwa hupasua maungio.

Bomba la sakafuni halizibiki kwa mkono. Puliza mpaka mapovu yachemke katikati ya bwawa, ufunge koki papo hapo; hewa iliyonaswa humo ndiyo huyazuia maji kurudi.

Ukitia mabombani dawa ya kuzuia kuganda, iwe ile ya rangi ya waridi ya mabwawa. Ya magari aghalabu ni sumu. Na tafadhali msikaushe bwawa lote, maji ya ardhini yanaweza kuliinua.