Besi ya kwanza: Kabla ya kusema mtoto hana kipaji

Kila Jumapili kanisani, kijana wa miaka 13 alikuwa hatoi macho kwa mpiga besi wa kwaya. Wenzake walimshangilia mpiga solo, yeye alifuata vidole vya yule aliyesimama kimya karibu na ngoma. Alipofaulu mtihani wa darasa la saba, baba yake alimuuliza anataka zawadi gani. "Baba, naomba gitaa la besi," alijibu bila kufikiri mara mbili.

Baba alitimiza ahadi. Aliingia dukani peke yake, akachagua gitaa jeusi linalong'aa, la nyuzi tano, kwa sababu muuzaji alimwambia tano ni bora kuliko nne. Wiki ya kwanza kijana hakulishusha begani. Ya tatu, vidole vilikuwa na malengelenge na mkono wa kushoto unamuuma hadi kwenye kiwiko. Mwezi wa pili gitaa likasimama nyuma ya kabati.

"Pesa yangu imepotea. Huyu hana kipaji," baba alimwambia mkewe, mtoto akisikia.

Kauli ya namna hii hutoka katika nyumba nyingi, na mara nyingi anayehukumiwa si mwenye kosa. Mtoto anayeanza hana uzoefu wa kujua kwamba gitaa lake ni gumu kuliko la wenzake. Akishindwa, hujilaumu mwenyewe.

Ukubwa unaomfaa

Leo Fender wa Marekani alipoanza kuuza besi yake iitwayo Precision mwaka 1951, uzi wake ulikuwa na urefu wa inchi 34, yaani kama sentimita 86, kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja la nyuzi. Urefu huo ndio besi nyingi zinao hadi leo, na mtu mzima huumudu. Lakini zipo besi fupi za inchi 30, ambazo mtoto au mtu mwenye mkono mfupi huzifikia kwa raha. Wala si za kuchezea watoto tu. Paul McCartney wa The Beatles alijijengea jina kwa besi fupi ya Höfner yenye umbo la fidla.

Kipimo chake ni rahisi. Mtoto akae kwenye kiti, apakate gitaa, kisha anyooshe mkono hadi kwenye freti ya kwanza, kile chuma chembamba kilicho karibu zaidi na kichwa cha gitaa. Akilazimika kuinua bega au kupinda mgongo ili afike, gitaa hilo ni kubwa kwake. Asimame nalo pia, kwa sababu besi nyingi zina uzito wa kilo nne hivi, na mkanda mwembamba hukata bega.

Nyuzi nne zinamtosha anayeanza. Ni E, A, D na G, kama nyuzi nne nene za gitaa la kawaida, ila sauti yake iko oktavu moja chini. Uzi wa tano huongeza sauti nzito zaidi, lakini hupanua shingo, na kiganja kidogo hupata tabu kuizunguka. Pia si lazima mtoto aanze na gitaa la kawaida ndipo ahamie kwenye besi. Anayependa besi aanze na besi.

Ukaguzi wa dukani

Jambo linalokatisha tamaa kuliko yote ni nyuzi kukaa juu mno. Katikati ya shingo, kwenye freti ya 12, nafasi kati ya uzi na chuma huwa milimita mbili hadi tatu hivi. Kalamu ya risasi ikipita hapo bila kugusa, kila noti itakuwa adhabu.

Baada ya hapo, kila uzi upigwe kwenye kila freti. Panapokwaruza au sauti inapokufa, pana kasoro. Shingo itazamwe kwa urefu wake kama fundi anavyotazama ubao, kuona kama imejipinda upande. Vitufe vya sauti vizungushwe gitaa likiwa limeunganishwa, na nyuzi zikishatuniwa zipigwe dakika kumi kuona kama zinashikilia.

Gitaa lililotumika lakini likatunzwa vizuri laweza kuwa bora kuliko jipya la bei ya chini. Yamaha, Ibanez na Squier wote hutengeneza besi za wanaoanza, ila jina lililoandikwa kichwani lisimtoshe mnunuzi. Aende na mtu anayepiga, alijaribu mbele yake.

Pesa yote pia isiishie kwenye gitaa. Kuna mkanda mpana, waya, mfuko wa kuhifadhia na spika. Uzi mnene wa besi hutoa sauti ya chini sana ambayo redio ndogo haiwezi kuitoa, na ikilazimishwa kwa nguvu huharibika. Amplifaya ndogo ya besi yenye tundu la hedifoni inatosha, na majirani watalala.

Kauli ya kufutwa

Aliyelitoa gitaa nyuma ya kabati ni mama. Alilipeleka kwa mwalimu wa kwaya, ambaye alichukua kalamu akaipitisha chini ya nyuzi. Ikapita bila kugusa.

"Mama, hata mimi hili lingenishinda," alisema. "Mtoto hana tatizo."

Alizishusha nyuzi kwa kukaza na kulegeza skrubu za kwenye daraja, kazi isiyomaliza saa moja. Shingo pana hakuweza kuipunguza. Akawashauri walibadilishe kwa besi fupi ya nyuzi nne, na kwa kuwa lile lilikuwa bado jipya, walipata iliyotumika bila kuongeza pesa nyingi.

Kazi iliyobaki haikuwa ya fundi. Mtoto aliyesikia kwamba hana kipaji haachi kuamini hivyo kwa sababu nyuzi zimeshushwa. Jioni moja baba alikaa kitandani kwa mwanawe.

"Mwanangu, nilikununulia gitaa bila kukuuliza, halafu nikakulaumu wewe. Nilikosea."

Kijana hakusema kitu. Aliweka mkanda begani na kuanza kupiga noti mbili, ya kwanza na ya tano, polepole, kama alivyomwona mpiga besi wa kwaya akifanya. Baba alibaki pale pale, akihesabu mapigo kwa mguu.