Jiji bila pa kucheza: Usingoje Juni kudai uwanja wa mtaa

UNATOKA kupiga tizi asubuhi Eldoret, jiji linalojiita makao ya mabingwa, na unakimbilia ukingoni mwa lami. Matatu inakupigia honi nyuma, boda inakujia mbele. Jioni mdogo wako anataka kucheza mpira, lakini pale alipozoea pamezungushwa mabati.

Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 15, 2024, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Hadhi tumepata. Sasa swali ni nani atajenga vijia na viwanja vya mtaani, na doo itatoka wapi?

Jibu la kwanza liko kwenye Katiba. Jedwali la Nne linaipa kaunti jukumu la viwanja vya michezo, bustani na maeneo ya burudani. Kwa hivyo ukimlilia mbunge wako, unabisha mlango usio wake. Aliye karibu nawe ni diwani.

Pesa nazo zipo, ila zinagombaniwa. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Fungu hilo ndilo linalotazamwa na barabara, zahanati, masoko na madarasa ya chekechea. Bembea haina mtetezi, kwa sababu watoto hawapigi kura.

Hapa ndipo vijana wengi hukosea. Tunajaa ukumbini bajeti ikikaribia kupitishwa, tunaongea kwa hasira, tunapewa soda, tunaenda nyumbani. Wakati huo mambo mengi yameshaamuliwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Kufikia Februari 28, waraka wa mikakati ya fedha huwa umepangia kila idara kiwango chake. Makadirio hufika bungeni Aprili 30. Kama kiwanja chenu hakikutajwa Septemba, mwezi wa Juni mtakuwa mnaomba makombo.

Kisha kuna ardhi. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa vitoa machozi wakitetea uwanja wao ulionyakuliwa. Kama shule ya umma ilifikiwa, kiwanja cha mtaa kisicho na karatasi kitapona vipi? Dai hatimiliki kwanza, bembea baadaye.

Vijia ni nafuu zaidi. Mtaro wa barabara ukifunikwa kwa vibao vya zege, juu yake ni njia ya miguu. Ukingo wa Mto Sosiani, unaopita katikati ya jiji, ukiachwa wazi na kupandwa miti, unalinda maji na kukupa pa kukimbia. Ila haya yaingizwe kwenye mchoro kabla mkandarasi hajapewa kazi. Kurudi kuchimba upya ni gharama mara mbili.

Na matunzo je? Uwanja usio na mwenyewe hugeuka jaa. Kule Dandora, vijana waligeuza nyua zilizojaa taka kuwa bustani na pa kuchezea watoto, na ni wao na majirani wanaozitunza. Hilo halimwondolei gavana jukumu lake, lakini ukifika na kikundi kilicho tayari kufagia na kulinda, afisa wa bajeti anapoteza kisingizio kimoja.

Kwa hivyo fanya hivi. Chagueni kiwanja kimoja tu. Andikieni afisi ya ardhi ya kaunti kuuliza ni cha nani. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu. Kisha peleka ombi kwa maandishi, lenye mahali, ukubwa na makadirio ya gharama, kabla ya Agosti kuisha. Baki na nakala iliyopigwa muhuri.

Kelele za ukumbini husahaulika jioni hiyo hiyo. Barua yenye muhuri inabaki kwenye faili, na diwani anajua uchaguzi utakuja.