Karanga: Palizi Huanza Siku ya Kupanda

Mvua za Kigoma huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, na hapo ndipo nyumba nyingi za Mwanga hugawana njia. Baba huelekea kazini. Mama huchukua jembe na watoto, akashika njia ya shamba la karanga nje ya mji. Baada ya wiki chache huanza lawama: shamba limemezwa na majani, na anayelaumiwa ni yule yule aliyelima. Leo tulitazame jambo hili kwa haki, kwani mara nyingi kosa halikutendeka wakati wa palizi. Lilitendeka siku ya kupanda.

Nayasema haya kwa kuwa yamenikuta. Mwaka wangu wa kwanza nilitaka mbegu chache zienee eneo kubwa, nikapanda ovyo, bila mistari, kwa nafasi kama ya mahindi. Ndago na kishonanguo vilijaza kila pengo. Tulipofika na majembe karanga zilikwisha toa maua, nasi tukapalilia kwa hasira. Tuliyotazamia yawe magunia yakawa madebe.

Mkaranga ni mmea mfupi. Hauwezi kushindana na magugu kwa kimo. Silaha yake ni kivuli. Majani ya mistari miwili yakikutana, jua halifiki chini, na magugu yanayochipua hukosa nguvu. Kwa hiyo karanga zinazosimama wima, kama aina ya Pendo iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, mwaka 1998, hupandwa karibu karibu: sentimita 50 kati ya mistari na sentimita 10 kati ya shimo na shimo, punje moja kila shimo, kina cha sentimita 5. Asiye na futi ya kupimia atumie mkono wake: dhiraa moja kati ya mistari, upana wa kiganja kati ya mashimo. Kupanda mapema na kwa kubanana hupunguza pia ugonjwa wa rozeti, unaoenezwa na vidukari.

Kabla ya hapo, lima mara mbili. Mvua za kwanza huotesha magugu. Yageuze siku ya kupanda, na karanga ziote penye udongo safi. Ndago usiifukie, maana vitunguu vyake huchipua tena. Ikusanye uitoe shambani.

Palizi ya kwanza ifanyike wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, na ya pili kabla ya wiki ya sita. Ua la karanga likikwisha kuchavushwa hutoa kijiti chembamba kinachoshuka udongoni, na ncha yake ndiyo inayokuwa ganda. Jembe likipita hapo hukata mavuno yenyewe. Tangu wakati huo, gugu ling'olewe kwa mkono.

Najua swali la msomaji: mbegu ni ghali, tutazipata wapi za kupanda kwa kubanana? Jibu ni kupunguza eneo. Shamba la mita 20 kwa 20 lina mistari 40 ya mashimo 200, yaani mashimo 8,000, na kwa kawaida hula kilo 3 hivi za karanga zilizomenywa. Anayebana mbegu hulipa kwa jembe, na jembe hilo mara nyingi limo mikononi mwa mama.

Wasafiri wa reli kutoka Kigoma kwenda Tabora hupita Urambo. Huko, na Kongwa na Nachingwea, Waingereza walikuwa na mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947, wakikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3. Ulipovunjwa mwaka 1951, mamilioni ya pauni yalikwisha potea. Sababu zilikuwa nyingi, udongo na ukame zikiwamo. Hata hivyo somo moja latufaa hata sisi wenye vishamba: ukubwa wa shamba si ukubwa wa mavuno.

Basi, baba mwenye nyumba, Jumamosi ya kupanda ikifika, usimtume mama peke yake. Shika ncha moja ya kamba, naye ashike ya pili, watoto wadondoshe punje. Siku hiyo moja itawaokoa na siku nyingi za kuinama, na lawama hazitapata pa kuota.