Papa, Unisaidie Fizike



Mwezi huu tunasema na vijana wa sekondere pamoja na wazazi wao, juu ya jambo linaloleta kelele usiku katika nyumba nyingi: fizike. Mutoto anafungua kaye, anasema: "Papa, unisaidie." Papa wengine wanamufukuza: "Kwenda uulize mwalimu wako!" Wengine wanalipa mwanafunzi mukubwa wa mutaa aandike majibu yote. Mimi nilifanya mubaya kupita hao. Nilijibu neno nisilolijua.

Mwana wangu aliniuliza hivi: vagone ya kilo 1000 inasukumwa juu ya reli iliyo sawasawa. Inatembea kwa mbio ile ile, haizidi wala haipunguki. Nguvu inayosukuma na nguvu inayozuia, ipi ni kubwa? Nikajibu kwa sauti ya mimbara: "Ile inayosukuma! Kama si vile, ingesimama." Akaandika. Akarudi na zero. Aliweka kaye mezani mbele yangu, akaenda kulala pasipo kula.

Kesho yake tulikwenda sisi wawili kwa muzee mumoja wa kanisa aliyesukuma vagone miaka mingi chini ya mugodi. Muzee huyu hakusoma fizike. Alisema tu: "Pasta, kwa kuianzisha tulikuwa wawili. Ikishatembea, mumoja anaacha."

Mwana akauliza: "Na yule anayebaki akizidisha nguvu?"

"Itamukimbia, mutoto wangu!"

Newton, Mwingereza, aliandika jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1687, na muzee wetu alilijua kwa mabega. Tulirudi nyumbani, tukachora mishale. Watu wawili wanasukuma kwa 300 N. Kukwaruzana kwa magurudumu na reli kunazuia kwa 200 N. Inabaki 100 N. Gawanya kwa kilo 1000: kila sekunde, mbio inaongezeka metre 0,1 kwa sekunde. Halafu mumoja anaacha, mwenzake anasukuma kwa 200 N. Mishale miwili iko sawa, hakuna kinachobaki, na mbio haibadiliki. Vagone inayotembea haisimami yenyewe. Ni kile kizuizi kinachoisimamisha.

Wazazi, hata kama hamukufika sekondere, munaweza kuuliza: Nani anasukuma? Nani anazuia? Chora mishale. Lakini kalamu ibaki mukononi mwa mutoto. Akishindwa, aende kwa mwalimu na mchoro wake, si na kaye nyeupe. Na wewe kijana, yule uliyemulipa hataketi karibu nawe siku ya egzamen ya Serikali.

Sasa kazi yenu. Vagone ile imesimama. Watu wawili wanaisukuma kwa sekunde 10, kisha mumoja anaacha. Wakati ule ina mbio gani? Chora kwanza, ndipo uhesabu.